Mgongo wa Bahasha

Miaka kumi na tisa nagawa barua Mtaa wa Lindero,
kule bonde la San Joaquin linakonuka lozi na mbolea,
na kazi hii imenifunza adabu moja tu:
bahasha ina mgongo na ina tumbo.
Mgongo nausoma, nijue mlango.
Tumbo si langu.

Nimebeba talaka za watu, nikawasalimu.
Nimebeba majibu ya hospitali, notisi za benki,
na kila Jumanne barua ya gereza kwa Bi Ruthanne,
anayewaambia majirani mwanawe yuko jeshini.
Siri ya mtungi aijuaye kata.
Basi mimi ni kata: nachota, namimina, nanyamaza.

Mwaka wa ile kura,
ya kuamua kama mimi na Noreen tuna ndoa
au tuna mazoea tu ya kula pamoja,
mtu alitoa fotokopi ya ramani ya mji,
akaacha rundo zima pale kwenye mashine za kufulia. Bure. Chukua.
Nukta nyekundu juu ya kila nyumba iliyochanga dhidi yetu:
jina, kazi, mtaa, kiasi.
Nilichukua.
Nisidanganye: nilichukua mbili.

Kidole kikatangulia macho.
Nambari 418. Ostergaard, Wendell. Fundi wa piano. Dola mia.
Wendell,
aniwekeaye gilasi ya maji ya barafu ukutani kila Agosti!
Nikaigawanya ile mia kwa miaka yetu:
dola tano na senti kidogo
kwa kila mwaka wa habari za asubuhi.

Noreen akasema, Waache waonekane.
Sisi tumeonekana maisha yetu yote.
Na ni kweli. Bango letu liling'olewa mara tatu,
la nne likarudishwa kibarazani, limepakwa mavi ya mbwa.
Hakuna aliyetuuliza kama tungependa kuwa nukta.

Kisha mfuko wangu ukaanza kulemewa na 418.
Bahasha zisizo na jina la mtumaji,
herufi zimelala kushoto kama nyasi zilizokanyagwa.
Nilizipeleka. Ndiyo kazi.
Hadi Alhamisi moja ikapasuka pembeni,
ikanimwagia unga.

Ngano, polisi walisema baadaye. Ngano tu, ya keki.
Lakini mikono iliyokuwa ndani yake ilikuwa yangu,
hii hapa, yenye pete
ambayo yule aliyejaza unga alidhani anaipigania.
Walinivua sare ndani ya hema la zimamoto,
wakaniosha kwa mpira wa maji, watu nisiowajua, wamevaa vinyago.
Kupitia upenyo wa turubai nilimwona Wendell
ng'ambo ya utepe wa manjano, gilasi mkononi,
hawamruhusu avuke.

Kesho yake alisema, Nisamehe kwa ule unga.
Hakusema: kwa ile mia.
Nikasema, Si wewe uliyeutia.
Sikusema: yamekwisha.
Tukabaki hivyo, kama wawili waliobeba kabati
katikati ya ngazi, kila mmoja akiogopa
mwenzake asiachie kwanza.

Tulishindwa, mwaka ule.
Noreen hajamsamehe. Wala sijamwomba.
Mchana ukipita 418 utamsikia akigonga noti moja,
anaikaza, anaigonga tena, haijakaa,
nami natia bili yake ya maji sandukuni, mgongo juu.

Ramani moja Noreen aliichana.
Nyingine iko kwenye droo, chini ya betri zilizokwisha.
Kuna usiku naitoa, lakini simtafuti yeye.
Natafuta nyumba yetu,
pale karatasi ilipobaki nyeupe,
na kila mara kidole kinachelewa kuipata.